Padri Aliyecheza na Watoto: Maisha ya Mtakatifu Yohane Bosco

1. Mtoto wa Becchi

Katika nchi ya Italia, karibu na mji mkubwa wa Torino, kuna kilima kiitwacho Becchi. Zamani watu wa huko walikuwa wakulima maskini. Huko alizaliwa Yohane Bosco, tarehe 16 Agosti 1815.

Baba yake aliitwa Francesco. Siku moja alitoka kazini akiwa na jasho jingi, akaingia mahali penye baridi, akashikwa na homa ya mapafu, akafa. Yohane hakuwa bado ametimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, akabaki na watoto watatu na bibi mzee. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa njaa. Mama Margherita hakujua kusoma wala kuandika, lakini alijua kusali na alijua kufanya kazi. Akawalea watoto wake vema, akawafundisha kuamka mapema, kulima, na kugawana chakula na maskini aliyepiga hodi mlangoni.

Yohane alikuwa mtoto mwenye nguvu na wepesi. Alipanda miti, alikimbia kilimani, aliruka mifereji. Alipokuwa na miaka tisa hivi, aliota ndoto. Aliona watoto wengi wakicheza katika uwanja. Wengine walicheka, wengine walitukana. Yohane aliposikia matusi yale akawarukia kwa ngumi ili wanyamaze. Mara akatokea Bwana mmoja mwenye uso unaong'aa, akamwambia kwamba hatawapata watoto hawa kwa kuwapiga, ila kwa upole na mapendo. Kisha akamwona Mama mtukufu. Na tazama, mahali pa watoto palikuwa na wanyama wakali, na wanyama wale wakageuka wana-kondoo.

Yohane hakuisahau ndoto hiyo maisha yake yote.

2. Kamba, mti na rozari

Siku za soko, watu wa sarakasi walikuja vijijini. Walitembea juu ya kamba, walirusha mipira, walifanya viinimacho. Watu wengine walitazama na kushangaa tu. Yohane alitazama miguu yao na mikono yao, apate kujua namna wanavyofanya. Kisha alirudi nyumbani akajaribu. Alianguka, akainuka, akajaribu tena. Siku nyingi hazikupita, akaweza kutembea juu ya kamba, kusimama kwa mikono, na kurusha vitu hewani bila kuviangusha.

Siku ya Dominika alifunga kamba kati ya miti miwili katika uwanja wa majani. Watoto wa jirani wakaja, na wakubwa pia. Lakini kabla ya mchezo Yohane aliwaalika wasali rozari pamoja naye. Halafu aliwarudia mahubiri ya padri aliyoyasikia kanisani. Asiyetaka kusali, huyo hakupata kuutazama mchezo. Sala ikiisha, Yohane alipanda juu ya kamba.

Hivyo mtoto maskini, asiye na fedha wala zawadi, aliwavuta wenzake kwa Mungu kwa miguu yake na mikono yake.

3. Mashindano ya Chieri

Yohane alitaka kusoma awe padri. Njia yake haikuwa rahisi. Ndugu yake mkubwa, Antonio, aliona kwamba mkulima hana haja ya vitabu. Ugomvi ukazidi, hata Mama Margherita akampeleka Yohane kufanya kazi kwa watu wengine, kuchunga ng'ombe na kulima. Alikaa huko karibu miaka miwili. Mwisho, mwaka 1831, alipata kuingia shule ya mji wa Chieri. Alikuwa na miaka 16, akaketi pamoja na watoto wadogo. Hakuona haya. Alisoma kwa bidii, na ili apate ada alifanya kazi jioni.

Huko Chieri alikusanya rafiki zake katika chama, wakakiita Chama cha Furaha. Sheria zake zilikuwa chache: kutosema wala kutenda jambo lisilompasa Mkristo, kutimiza kazi za shule na za dini, na kuwa na furaha.

Siku hizo alifika Chieri mwanasarakasi mmoja hodari sana. Alicheza siku za Dominika saa za ibada, na vijana wengi wakaacha kwenda kanisani ili wamtazame. Yohane alihuzunika. Akaamua kushindana naye mbele ya watu wote.

Kwanza walishindana kukimbia. Fedha iliyowekwa ilikuwa lira 20. Yohane hakuwa nazo, lakini rafiki zake walichanga. Mwanasarakasi alianza mbele, lakini Yohane akampata, akampita, akamwacha mbali hata yule mtu akasimama katikati ya njia.

Pili walishindana kuruka mfereji, kwa lira 40. Ng'ambo ya mfereji palikuwa na ukuta mfupi. Mwanasarakasi aliruka, akatua karibu kabisa na ukuta, wala haikuwezekana kutua mbele zaidi. Yohane naye akaruka, akashika ukuta kwa mikono, akapinduka hewani, akatua upande wa pili.

Tatu walishindana kusimamisha fimbo, kwa lira 80. Yohane aliifanya fimbo itembee kutoka kiganjani hata vidoleni, begani, kidevuni, na kurudi tena kiganjani. Fimbo ya yule mtu iligonga pua yake ikapoteza usawa.

Mwisho walishindana kupanda mti mrefu, kwa lira 100. Mwanasarakasi alipanda juu sana, mpaka matawi yakaanza kujipinda. Yohane akapanda mpaka hapo hapo, akashika mti kwa mikono, akainua miguu yake juu ya kichwa chake. Miguu yake ikawa juu kuliko mahali alipofika mwenzake.

Yule mtu alikuwa amepoteza fedha zake zote. Je, Yohane na rafiki zake walimcheka wakaenda zao? Hapana. Walimrudishia fedha zake, ila wakamwomba awalipie chakula wale pamoja. Wakala pamoja kwa furaha. Ndivyo anavyoshinda mtu mwema: hupiga mbio kwa nguvu zake zote, na baada ya mbio humshika mkono aliyeshindwa.

4. Watoto wa Torino

Tarehe 5 Juni 1841 Yohane Bosco akapewa upadri. Katika Italia padri huitwa Don, kwa hiyo watu wakamwita Don Bosco, na ndivyo anavyoitwa mpaka leo ulimwenguni kote.

Mwaka ule ule alikwenda kukaa Torino. Mji ulikuwa unakua upesi. Watoto wengi walitoka vijijini kutafuta kazi. Walibeba matofali na chokaa, wakipanda ngazi ndefu za wajenzi. Wengine walifagia mabomba ya moshi. Walifanya kazi kutoka asubuhi mpaka usiku. Siku ya Dominika hawakuwa na mahali pa kwenda. Walizurura njiani, wakagombana, wakaiba. Don Bosco alikwenda gerezani akawaona vijana wa miaka 12 na zaidi wamefungwa. Aliona pia kwamba wengi waliofunguliwa walirudi tena gerezani, kwa sababu huko nje hapakuwa na mtu wa kuwapokea.

Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, Don Bosco alikuwa akivaa mavazi ya Misa. Kijana mmoja aliingia katika sakristia kwa sababu ya baridi. Jina lake Bartolomeo Garelli, yatima, mwenye miaka 16, mfanyakazi wa ujenzi. Mlinzi wa sakristia alimtaka atumikie Misa. Kijana alisema hajui. Basi yule mlinzi akampiga kwa kijiti na kumfukuza. Don Bosco akamkemea mlinzi, akamwambia kwamba kijana huyo ni rafiki yake, akaagiza arudishwe.

Baada ya Misa Don Bosco alizungumza naye kwa upole. Garelli hakujua kusoma, wala kuandika, wala sala. Don Bosco akasali Salamu Maria pamoja naye, akamfundisha kufanya ishara ya msalaba. Dominika iliyofuata Garelli alirudi pamoja na wenzake. Ndivyo ilivyoanza kazi kubwa ya Don Bosco.

5. Wanaotafuta mahali pa kucheza

Watoto waliongezeka, wakawa mamia. Siku ya Dominika walisali, wakajifunza dini na kusoma, halafu wakacheza. Watoto mia wakicheza hawakosi kelele. Basi Don Bosco na watoto wake wakafukuzwa huku na huku.

Walikaa karibu na kanisa la makaburi. Mtumishi wa padri wa hapo alikasirikia kelele, wakaondolewa. Wakaenda karibu na vinu vya kusagia. Wenye vinu wakalalamika. Wakapanga uwanja wa majani. Wenye uwanja wakaona kwamba miguu ya watoto imekanyaga majani mpaka mizizi, wakawaambia watoke. Mkuu wa mji naye aliogopa kwamba padri huyu anakusanya vijana wafanye maasi.

Hata mapadri wengine walidhani Don Bosco ameharibika akili. Siku moja wawili walikuja kumchukua kwa gari la farasi ili wampeleke kwa wagonjwa wa akili. Don Bosco alijua shauri lao. Akawaomba kwa adabu waingie kwanza wao. Walipokwisha kuingia, akafunga mlango kwa nguvu, akamwambia mwenye farasi apige mbio mpaka hospitali. Huko wale mapadri walipata taabu kueleza kwamba wagonjwa si wao.

Mwezi wa Aprili 1846, katika siku ya mwisho ya uwanja ule wa majani, Don Bosco aliwatazama watoto wake wakicheza, na machozi yakamtoka. Hakujua Dominika ijayo atawapeleka wapi. Jioni ile ile akaja mtu kumwambia kwamba katika mtaa wa Valdocco kuna banda la mtu aitwaye Pinardi, na banda hilo lina kiwanja. Don Bosco akalipanga. Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, watoto wakaingia. Banda lilikuwa fupi na bovu, lakini sasa walikuwa na mahali pa kusali na mahali pa kukimbia.

Miezi mitatu baadaye Don Bosco akaugua sana kwa uchovu. Watoto wakasali usiku na mchana, wengine wakafunga chakula. Mungu akamponya. Basi akaenda kumwomba mama yake aje kumsaidia. Mama Margherita alikuwa na miaka 58. Akaiacha nyumba yake, wakashuka kwa miguu mpaka Torino.

Mama huyu alilima bustani ya mboga kando ya kiwanja. Siku moja watoto walicheza mchezo wa vita, kundi moja likalikimbiza jingine, nao wakapita katikati ya bustani. Mboga zote zikalala chini. Mama Margherita akachoka kabisa, akamwambia mwanawe anataka kurudi Becchi. Don Bosco hakujibu neno. Alimwonyesha tu msalaba uliotundikwa ukutani. Mama akautazama, akafuta machozi, akaendelea na kazi yake mpaka alipokufa mwaka 1856.

6. Kiwanja cha Valdocco

Mwaka kwa mwaka banda lile likawa nyumba kubwa, penye shule, karakana na kanisa. Watoto walijifunza kusoma, kushona nguo na viatu, useremala na kupiga chapa vitabu. Lakini Don Bosco hakuruhusu kiwanja kisahauliwe. Kila siku ya masomo ilikuwa na saa zake za kucheza. Baada ya kukaa darasani, watoto walitoka mbio. Wengine walicheza mpira, wengine walikimbizana, wengine walitembea juu ya miti mirefu kama miguu, wengine walipanda bembea.

Katika siku zile shule nyingi zilitawaliwa kwa fimbo. Mtoto mwema alikuwa yule anayekaa kimya. Don Bosco aliona vingine. Mtoto aliumbwa na Mungu mwenye roho na mwili pamoja. Mwili unaofungwa kutwa nzima unachoka, na akili inachoka nao. Mwaka 1877 aliandika njia yake ya kulea watoto. Humo alifundisha kwamba watoto wapewe nafasi kubwa ya kuruka, kukimbia na kupiga kelele wapendavyo, na kwamba michezo, muziki na matembezi ni njia nzuri za kuleta utii, tabia njema na afya. Tena mwalimu asisimame mbali kama askari. Awe katikati ya watoto, acheze nao, ili makosa yazuiwe kabla hayajatendeka.

Wazee wetu husema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Waganga wa leo wamepima jambo hili, nao wanakubali. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 mpaka 17 atumie mwili wake kwa nguvu kwa wastani wa angalau dakika 60 kwa siku. Moyo hupata nguvu, mifupa huwa imara, na mtoto anaporudi darasani hushika somo upesi zaidi.

Katika nyumba hiyo aliingia mwaka 1854 mtoto mmoja mwenye miaka 12, jina lake Dominiko Savio. Alitaka sana kuwa mtakatifu. Akadhani imempasa kuacha michezo, kukaa peke yake na kusali saa nyingi. Uso wake ukapoteza furaha. Don Bosco akamwita, akamweleza kwamba njia yake ni nyingine: awe na furaha siku zote, atimize kazi zake za shule na za sala, na acheze pamoja na wenzake. Dominiko akatii. Akawa wa kwanza kumwita kiwanjani mtoto mgeni aliyesimama peke yake, na wa kwanza kupatanisha waliogombana. Alikufa tarehe 9 Machi 1857, akiwa bado na miaka 14. Mwaka 1954 Kanisa likamtangaza kuwa mtakatifu.

Don Bosco mwenyewe hakuacha kucheza. Mwaka 1868 alikuwa na miaka 53, na miguu yake ilikuwa imeanza kumwuma. Hata hivyo aliwaalika vijana wake washindane mbio naye, akawashinda.

7. Barua kutoka Roma

Mwaka 1859 Don Bosco alianzisha shirika la Wasalesiani, wafanye kazi pamoja naye. Mwaka 1872, pamoja na Mtakatifu Maria Mazzarello, alianzisha shirika la masista kwa ajili ya wasichana, maana wasichana nao walihitaji shule na kiwanja. Mwaka 1875 wamisionari wake wa kwanza walivuka bahari mpaka Argentina.

Kazi ilikuwa kubwa, lakini Don Bosco alikuwa na hofu moja. Mwezi wa Mei 1884, akiwa Roma, mzee na mgonjwa, aliwaandikia watu wake wa Valdocco barua. Aliwasimulia ndoto. Katika ndoto aliona kwanza kiwanja cha zamani. Watoto walikimbia, waliimba, walicheka, na mapadri walikuwa katikati yao. Kisha akaona kiwanja cha siku zile. Watoto wengi walikuwa wameegemea nguzo au wamekaa ngazini, wanyonge, hawana hamu. Na walimu je? Wachache walicheza na watoto. Wengine walitembea mbali, wakizungumza wao kwa wao.

Don Bosco aliona huzuni kubwa. Nyumba zilikuwa nzuri kuliko banda la Pinardi, vitabu vilikuwa vingi, lakini kitu kimoja kilikuwa kimepungua. Aliwaeleza walimu kwamba haitoshi kuwapenda watoto. Inafaa watoto wenyewe wajue kwamba wanapendwa. Nao hujua wanapomwona mwalimu wao akipenda wanavyovipenda wao. Mtoto aliyecheza na mwalimu wake kiwanjani humfungulia moyo darasani na kanisani. Basi akawasihi warudi kiwanjani.

Nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Mganga mmoja alimlinganisha na vazi lililovaliwa kila siku mpaka likachakaa. Alikufa Torino tarehe 31 Januari 1888, akiwa na miaka 72. Siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934, Papa Pio XI alimtangaza kuwa mtakatifu. Sikukuu yake ni tarehe 31 Januari.

8. Kiwanja chetu

Kazi ya Don Bosco ilifika katika nchi yetu pia. Mwaka 1911 Wasalesiani sita waliingia Katanga, katika mji ambao leo huitwa Lubumbashi, wakaanza shule. Baadaye walifika Kivu. Katika mji wa Goma, nyumba yao ya Ngangi imepokea mara nyingi watoto waliokimbia vita. Watoto hao hupewa chakula na mahali pa kulala, kisha hupewa masomo na mpira.

Sisi wa Fizi tunaelewa jambo hili. Vita vilipofika Bibokoboko mwaka 2021, jamaa nyingi ziliacha nyumba na ng'ombe zao, zikashuka Baraka au zikaenda mahali pengine. Mtoto aliyekimbia usiku hukaa kimya siku nyingi. Huogopa sauti ya kishindo. Huketi karibu na ukuta, kama watoto wa ndoto ya Don Bosco. Mtoto huyo hahitaji maneno mengi. Anahitaji mwenzake amrushie mpira wa vitambaa, amwite kwa jina lake, ampe nafasi katika mchezo. Siku atakapokimbia na kucheka, moyo wake umeanza kupona.

Basi kengele ya mapumziko ikilia, watoto, tokeni nje mkacheze. Msibaki darasani mkilala juu ya meza. Msiwaache wasichana wachote maji wakati wote huku wavulana wakicheza. Saidianeni kazi, halafu chezeni wote. Msimcheke anayekimbia polepole, wala msimwache nje mgeni au mtoto wa kabila jingine. Msitukane, msidanganye, na mkishinda mshikeni mkono mliyemshinda. Na kengele ikilia tena, acheni mpira mara moja, rudini darasani kwa mbio zile zile.

Maswali

1. Kwa nini Yohane alitazama miguu na mikono ya watu wa sarakasi?
2. Taja mashindano manne ya Chieri. Yohane na rafiki zake walifanya nini baada ya kushinda?
3. Kwa nini Don Bosco na watoto walifukuzwa mahali pengi?
4. Mama Margherita aliona nini ukutani, naye akafanyaje?
5. Don Bosco alimwambia Dominiko Savio afuate njia gani ya utakatifu?
6. Ni nini kilichomhuzunisha Don Bosco mwaka 1884?
7. Leo wakati wa mapumziko, tazameni kiwanjani: je, kuna mtoto aliyesimama peke yake? Mtamfanyia nini?